Mawese ya Upande wa Kulia

4 Septemba 1955, Jumapili

Imefika! Nilikuwa natwanga sombe, majani ya mihogo, baada ya misa, nikasikia honi njia ya Kabambare, nikauacha mchi ndani ya kinu nikakimbia na mikono yangu ya kijani mpaka barabarani. Kasongo nzima walikuwa wamekwisha kunitangulia.

Roger bwana yangu alishuka kwa mlango wa kulia. Watu wakacheka, maana kwetu shofere hushuka kushoto. Hii ni motokari ya mizigo, ya upande wa Waingereza, usukani uko kulia. Aliinunua Kigoma, ikavuka ziwa juu ya meli mpaka Albertville, halafu akaileta mwenyewe kwa barabara kupitia Kabambare. Rangi yake kama majani ya mgomba yaliyokauka. Mlango mmoja umefungwa na kamba. Wacha wacheke. Ni yetu.

Miaka yote ya ndoa yetu Roger ameendesha makamyo ya watu. Analala hapa kidogo, anaondoka sana. Kazi ya bibi wa shofere ni kungoja, na mimi kazi hiyo nimeichoka. Sasa ataendesha yake. Atapakia pamba na mchele asubuhi, atarudi kula kwangu. Mungu hakutupa mtoto, na kwa hilo nimelia mpaka nimenyamaza. Nikipata bwana anayelala nyumbani, sitamuomba Mungu kitu kingine.

Mama Célestine, mama ya Roger, alinipa kibuyu cha mawese. Kwetu chombo kipya hakianzi kazi bila bibi wa mwenyewe kukipaka: mtumbwi, baiskeli, chochote. Hupakwa ndani, pasipoonekana, kwa sababu baraka si kitu cha kuonyesha watu. Bibi wa kwanza hupaka upande wa kushoto. Kama yuko wa pili, yeye hupaka kulia. Sisi tulifunga ndoa kanisani, basi kulia kwetu kunabaki kukavu. Nililala chini kwa gauni langu la misa, nikamimina nyuma ya magurudumu mawili ya kushoto.

"Basi, Mathilde, yatosha," Mama Célestine akasema. "Hiyo si samaki."

Nikaongeza.

5 Septemba

Roger ameifuta motokari tangu asubuhi. Mimi hajanifuta hata jasho.

12 Septemba

Jean-Baptiste alipita jioni. Ni karani wa teritwari, ofisi ya serikali, ndugu yangu upande wa mama, na tangu avae viatu vya ngozi anatembea kama bata. Alituelezea mambo yote huku akila karanga zangu. Karatasi ya njia aliyopewa Roger Albertville imekwisha. Motokari isiyo na plaki, kile kibao cha namba, haitoki nje ya lupango, yaani ua wa nyumba, ikitoka polisi wanaikamata. Mzungu wa ukaguzi atakuja kutoka Kindu. Ataangalia taa, honi, usukani na breki. Ikipita, bado kuna neno moja: Bwana Mkubwa wa teritwari hataki kumpa plaki ya biashara mutu mweusi mpaka padri aseme kwamba ni Mkristo wa bibi mmoja.

"Kwa hilo huna shida, shemeji," akamwambia Roger. "Nani mwingine angekutaka?"

Tulicheka wote. Roger alicheka kidogo kuliko sisi.

Nilimuuliza kama breki ni nzima. Akasema, "Breki za Waingereza zinafikiri kwanza, halafu zinasimama."

20 Septemba

Mvua ya kwanza. Tumeifunika motokari kwa mikeka yetu ya kulalia. Sisi tumelala juu ya majani ya mgomba. Nilifurahi kumsikia akikoroma karibu.

27 Septemba

Mzungu wa ukaguzi hajafika. Mvua.

3 Oktoba, Jumatatu

Nitaandika yote kwa taratibu, maana nikiandika haraka nitapasua karatasi.

Mzungu alifika. Mrefu, shingo nyekundu, hana maneno mengi. Alikuwa na fundi wake. Polisi alitembea mbele ya motokari yetu toka nyumbani mpaka teritwari, watu nyuma yetu kama msafara wa bibi harusi. Nilivaa kitambaa changu cha Pasaka. Mama Célestine alibeba kiti chake mwenyewe akaketi mahali pa kuona vizuri.

Taa, zilipita. Honi, ilipita, watoto wakashangilia. Usukani wa kulia, Mzungu akakunja uso, akasema basi, iwekwe kioo cha kutazama nyuma. Kisha akamwambia Roger ateremke ule mteremko wa mbele ya ofisi na asimame kwenye jiwe jeupe.

Roger aliteremka. Jiwe jeupe likapita. Bendera ikapita. Niliona mguu wake unapiga breki, unapiga, na motokari inakwenda pole pole kama mutu asiyetaka kusikia. Ilisimama ndani ya maua ya Madamu wa Bwana Mkubwa.

Watu walicheka mpaka wakashikana. Mzungu hakucheka. Alikwenda akainama karibu na gurudumu, akanusa.

"Nani anapika hapa?" akauliza, na Jean-Baptiste akatafsiri kwa sauti kubwa kuliko ilivyotakiwa.

Fundi akafungua gurudumu la mbele la kushoto. Ndani breki zilikuwa nyekundu kwa mawese. Mawese yangu! Nilitamani ardhi inimeze. Nikasema hapo hapo, mbele ya wote, "Ni mimi nilipaka, Bwana. Ni baraka." Jean-Baptiste akatafsiri, na Mzungu akafunga macho kidogo kama mutu anayeumwa kichwa.

Akafungua la nyuma la kushoto. Mawese. Nilijua.

Halafu akafungua la kulia.

Mawese. Si mabichi kama yangu. Haya yalikuwa yameganda, yameshika vumbi jekundu la njia ndefu, yamechanganywa na unga. Mimi sikutia unga. Kwetu hatutii unga. Na la nyuma la kulia, vile vile.

"Ah, mulipaka pande zote mbili!" Jean-Baptiste akasema akicheka. "Baraka ilizidi."

Watu wakacheka tena. Wanawake hawakucheka. Wanawake wa Kasongo wanajua kushoto ni nini na kulia ni nini. Niliwaona wananyamaza mmoja mmoja, kisha wananitazama, kisha wanatazama pembeni kwa huruma. Hiyo huruma ndiyo iliyonichoma.

Nilimtazama Roger. Alikuwa anatazama viatu vyake.

Mama Célestine alikuwa amekwisha kuinuka na kiti chake, anakwenda nyumbani.

Mzungu alisema breki zote zisafishwe, ataikagua tena atakaporudi. Tuliisukuma motokari nyumbani kwa mikono. Mimi pia nilisukuma. Nilisukuma upande wa kushoto.

4 Oktoba

Sikumuuliza. Sikupika.

5 Oktoba

Breki husafishwa kwa esansi, ile petroli ya motokari, na msasa. Kazi hiyo inataka watu wawili, na hatuna mutu mwingine. Tuliketi chini, yeye na mimi, gurudumu katikati yetu. Tulifanya zile za kushoto bila neno. Tulipofika za kulia nikaweka msasa chini.

"Jina lake nani?"

Alisugua kwanza. Kisha akasema, "Safi."

"Wa wapi?"

"Kabambare."

"Tangu lini?"

"Mathilde, barabara ni ndefu. Mutu anachoka, anaomba maji kwa watu."

"Nimekuuliza tangu lini. Sikukuuliza habari za maji."

Nikamwambia, Roger, mimi mutu wa kunidanganya si wewe, mimi ninajua ukikohoa umekula nini. Nikamwambia maneno mengine ambayo masista wa misheni, ninakofundisha kushona, hawakunifundisha. Alipokea yote. Kisha akasema ile ambayo sikuiuliza, kwa sababu niliiogopa.

"Iko mutoto. Mwanamume. Ameanza kutembea."

Nilichukua msasa nikasugua breki za kulia mpaka vidole vikatoa damu. Sijui kwa nini. Zilikuwa chafu, na kazi ilikuwa haijaisha.

9 Oktoba, Jumapili

Sikwenda misa. Nilimwendea Mama Célestine jikoni kwake.

"Mama, ulijua."

"Nilijua."

"Na ukanipa kibuyu nipake kushoto, nikalala chini na gauni langu kama mjinga!"

"Kushoto ni kwako," akasema. "Nilitaka ukapake kwako mbele ya watu, wajue wewe ni wa kwanza. Ningefanya nini kingine, mwanangu? Ule mutoto nimemuona. Ana masikio ya marehemu bwana yangu." Akaanza kulia. "Nikimuona moyo unafurahi, nikirudi hapa nikikuona wewe, moyo unauma. Unafikiri mimi nimelala vizuri?"

Siri ya mtungi aijuaye kata. Nilitaka kumchukia na nilishindwa. Tulimenya mihogo.

16 Oktoba

Mvua. Roger yuko hapa kila siku kwa sababu motokari haiwezi kutoka. Hivi ndivyo nilivyokuwa nataka: bwana nyumbani asubuhi na jioni. Anachota maji bila kuambiwa. Jana alinikatia kuni. Anapendeza kama zamani, na mimi namtazama na roho inaniuma kama jino.

24 Oktoba

Leo aliingia lupangoni mwanamke mwembamba, matope mpaka magotini, kitambaa cha Kiislamu kichwani, mutoto mgongoni, kikapu cha mchele mkononi. Roger alikuwa kwa mhunzi. Nilikuwa kwenye cherehani. Alipiga magoti pale uani, akapiga makofi ya heshima, akasema, "Yaya, jambo. Mimi ni Safi." Aliniita yaya, dada yake mkubwa.

Nilikuwa nimemngoja huyu. Tangu ile siku nilikuwa nimempangia maneno, nimeyanoa kama panga. Niliinuka niyaseme.

Akasema kwanza yeye: "Kule tulisikia motokari ilikatazwa juu ya mawese. Nilitia mimi. Nilitia na unga, kama kwetu. Sikujua yataharibu. Nimekuja kuomba pole, yaya. Sikugusa kushoto. Naapa kwa Mungu, kushoto sikugusa."

Alitembea toka Kabambare, kwa miguu, ndani ya mvua, na mutoto, kuja kuomba msamaha kwa ajili ya breki! Maneno yangu yote yakaanguka. Yeye alijua nafasi yake. Aliyekuwa hajui kitu ni mimi.

"Alikuambia nini juu yangu?" nikauliza.

"Alisema uko mkali," akajibu, "lakini uko mutu wa kweli."

Nikamwambia ainuke, asipige magoti kwenye matope, mutoto atapata homa. Nilimfungua mutoto mgongoni mwake. Ni kweli, ana masikio ya mzee. Alishika pua yangu akacheka. Nikawapa maji ya moto, nikawapa ugali na samaki. Nilimpa mutoto nguo ndogo ya flaneli niliyokuwa nimeishona miaka mingi iliyopita na kuificha chini ya sanduku.

Roger alirudi akatukuta tunakula sahani moja. Alisimama mlangoni kama mgeni. Hakuna aliyemkaribisha.

26 Oktoba

Safi ameondoka. Roger hakumsindikiza, alinitazama kwanza mimi. Nikamwambia, nenda, mbebee kikapu. Alikwenda mpaka mwisho wa mji na kurudi.

Jioni akasema, "Nikipata plaki, nitakuwa wa hapa. Kule nitapita tu kusalimia mutoto. Naapa, Mathilde. Unisaidie tu nipate plaki."

Nimeandika maneno yake kama alivyoyasema.

2 Novemba

Siku ya marehemu. Baada ya kuombea makaburi padri aliniita pembeni. Ni mzee, Mbelgiji, anajua Kiswahili kuliko Jean-Baptiste.

"Mathilde, teritwari wananiuliza juu ya bwana yako. Nami nasikia watu wanacheka habari ya mafuta. Kuna kitu?"

Neno moja lilitosha. Nikisema kweli, plaki haitoki, Roger anarudi kwa makamyo ya watu, na nani anajua atalala wapi. Nikisema kweli, Safi analea peke yake yule aliyenishika pua. Na mimi, kweli yangu, ningepata nini?

"Watu wanacheka kwa sababu niliharibu breki, baba."

"Roger ni bwana mwema?"

"Ni mwema."

"Ni wa bibi mmoja?"

Alinitazama kwa macho yake ya buluu. Alikuwa anajua, nadhani. Alitaka tu nimsaidie kutojua.

"Mimi ndiye bibi yake, baba. Sote tunajua ndoa yetu ulifunga wewe."

Akanibariki.

7 Novemba, Jumatatu

Imepita! Alisimama kwenye jiwe jeupe kabisa, unaweza kupima kwa uzi. Mzungu alizunguka mara ya pili, akanusa kila gurudumu, halafu, wallahi, akatabasamu. Plaki imefungwa mbele na nyuma. Mama Célestine alipiga vigelegele mpaka sauti ikakauka.

Roger alinifungulia mlango wa kushoto akanizungusha mji wote, sokoni, msikitini, misheni, mpaka njia ya Nyangwe na kurudi. Alipiga honi kila mahali. Aliimba. Aliweka mkono wake juu ya mkono wangu na hakuutoa ila kubadili gia. Nasema ukweli: nilifurahi. Siku hii moja hakuna wa kuniondolea.

12 Novemba

Amerudi kutoka Kabambare jana, kama alivyosema. Ameniletea chumvi na ndizi.

19 Novemba

Mvua. Roger hakurudi. Wanasema mto Luama umejaa.

21 Novemba

Amerudi. Amelala mchana wote. Amepakia mchele, ameondoka.

27 Novemba

Mvua. Roger hakurudi.

1 Desemba

Mvua. Roger hakurudi. Nimepika kila siku kwa sahani mbili, Mama Célestine anakula ya pili ili isiniume kuitazama.

4 Desemba, Jumapili

Jua kali tangu Ijumaa. Roger hakurudi.

10 Desemba, Jumamosi

Nilisikia honi, nikakimbia tena, mjinga mimi, na mikono yangu ya sombe. Alikuwa ameiacha motokari barabarani, injini inawaka. Hakuiingiza lupangoni.

Aliingia ndani akatoa sanduku lake chini ya kitanda. Nilisimama mlangoni nikamwangalia anakunja suruali nilizozishona mimi.

"Uliapa," nikamwambia.

"Niliapa." Hakujitetea, na hilo lilinitisha. "Nikifika kule, mutoto anakimbilia honi, Mathilde. Anakimbia na kuanguka na kuinuka. Nikiondoka analia mpaka anashika homa. Wewe uko na nguvu. Wewe unaweza."

"Nani alikuambia mimi naweza?"

Akaketi juu ya sanduku. Nilifikiri atalia, lakini aliyelia ni mimi. Nilimwambia kila kitu. Nilimwambia nimemdanganya padri siku ya marehemu kwa ajili yake. Nilimwambia plaki ile nimeinunua kwa roho yangu. Nilimwambia bado nampenda, Mungu anisamehe, na kama anataka aende kule siku zote za juma aniachie Jumapili tu.

"Jumapili ndiyo soko la kule," akasema pole pole.

Nikaondoka mlangoni ili apite na sanduku.

14 Desemba

Motokari imepita hapa na mzigo wa pamba. Alipiga honi. Hakusimama.

16 Desemba

Nimewaambia masista sitafundisha kushona tena. Naenda kwetu Wamaza, kwa mama yangu. Mama Célestine alinishika mkono. "Usiende, mwanangu. Mimi nitabaki na nani?" Nikamwambia, "Mama, kule uko na mjukuu. Nenda ukamlee." Tulilia pamoja mpaka tukasikia aibu.

Kwa miguu siwezi, kwa sababu ya cherehani. Njia ya Wamaza siku hizi inapita motokari moja tu.

17 Desemba, Wamaza

Nimefika. Mama yangu hajaniuliza neno, ametandika tu.

Asubuhi nilisimama sokoni Kasongo pamoja na watu wengine wenye mizigo. Roger alipaki, akaona cherehani yangu, akaona sanduku langu, akaelewa. Aliipandisha cherehani mwenyewe, akaifunga vizuri na kamba ili isigongwe.

"Panda mbele," akasema.

"Mbele ni bei gani?"

Nikapanda nyuma, juu ya magunia ya mchele, kati ya mama mmoja mwenye kuku na mzee mwenye kikohozi. Yule mama akaniuliza, "Na wewe unaenda kwa bwana?" Nikasema natoka kwa bwana. Akasema vizuri, kutembelea wazazi ni vizuri.

Barabara ilikuwa kavu. Alituendesha kwa taratibu, kila kwenye shimo aliisimamisha kwanza, na breki zilishika vizuri kabisa.

Wamaza alishuka, akateremsha cherehani, akateremsha sanduku, akasimama mbele yangu. Watu walikuwa wanangoja waendelee. Nilitoa noti ya faranga ishirini nikamnyooshea. Niliitoa kwa sababu nilijua ataikataa. Nilitaka kumsikia akiikataa. Nilikuwa nimeshika pembe moja ya noti, nangoja aseme, "Mathilde, wewe hulipi."

Aliipokea. Akatia mkono mfukoni, akatafuta, akanirudishia faranga tano.

Nikasema, "Aksanti, shofere."